Uso wa Nyumba: Neno juu ya Kufasiri Maandishi ya Kijerumani ya Majengo

Wasomaji wengi wa kurasa hizi ni walimu na mapadre, na kwa sababu hiyo huombwa mara kwa mara kazi zisizo za darasani wala za kanisani. Mojawapo ya kazi hizo ni kufasiri maandishi ya kale. Katika miji ya kandokando ya Ziwa Victoria, hasa Mwanza na Bukoba, zimesalia nyumba zilizojengwa zamani za Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Maelezo ya nyumba hizo na ya nyingine zilizokwisha kuanguka yamo katika vitabu vya safari, katika hati za serikali ya wakati ule, na katika barua za wamisionari. Yameandikwa kwa Kijerumani, na wanaoyahitaji leo huyataka kwa Kiingereza. Basi huitwa mwalimu ajuaye Kijerumani kidogo, naye hudhani kwamba akiwa na kamusi mbili mezani kazi imekwisha.

Sisi pia tulidhani hivyo. Katika makala haya twataka kueleza kosa letu wenyewe, kisha kuyapanga baadhi ya maneno ya Kijerumani yahusuyo uso wa nyumba, pamoja na maana zake kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha mafundi. Twatumaini yatamfaa mwenzetu atakayeletewa karatasi kama ile tuliyoletewa sisi.

I. Ghorofa iliyotaka kupotea

Karatasi hiyo ilikuwa nakala ya maelezo mafupi ya nyumba moja ya zamani iliyo karibu na ziwa, mjini Mwanza. Nyumba yenyewe hatutaitaja, kwa maana ina wenyewe. Waliotuletea walitaka maelezo hayo kwa Kiingereza wapate kuyaweka mbele ya watu waliokuwa wakishauriana kama nyumba itengenezwe au ibomolewe. Karatasi ilisema kwamba nyumba ni "einstöckig". Tulifungua kamusi, tukaona "ein" ni moja na "Stock" ni ghorofa, tukaandika "one-storeyed". Tukatia sahihi, tukarudisha.

Baada ya majuma machache tulisikia kwamba maneno yetu yamezua jambo. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vya chini, na juu yake ghorofa moja. Waliosoma Kiingereza chetu walisema, "Maandishi ya wakati wa kujengwa yashuhudia kwamba nyumba ilikuwa ya chini tu. Basi ghorofa iliongezwa baadaye na watu wengine. Haina uzee, na iondolewe." Hata picha ya kale iliyoonyesha ghorofa ikakataliwa, wakasema ni picha ya nyumba nyingine.

Tulikwenda kuitazama nyumba pamoja na fundi mwashi mmoja, mtu mzima sana, asiyejua Kijerumani wala Kiingereza. Tukamwambia, "Mzee, karatasi yasema hii ni nyumba ya ghorofa moja, nasi hatuelewi." Akatazama juu, akatutazama sisi, akasema, "Sasa Mwalimu, ugomvi ni wa nini? Ghorofa moja si hiyo hapo juu?" Kisha akatupeleka penye pembe ya ukuta, akatuonyesha kwamba mawe yamefungana toka chini hata juu, wala hapana mahali penye mshono. Kuta za juu na za chini zilijengwa na mkono mmoja.

Kosa letu likatudhihirikia. Kwa Kiswahili, mtu akisema nyumba ya ghorofa moja, twaelewa kwamba pana nyumba ya chini na juu yake ghorofa moja. Ile ya chini haihesabiwi, kwa sababu hiyo ndiyo nyumba yenyewe. Wajerumani nao huhesabu hivyo mara nyingi: "erster Stock" ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini. Lakini Mwingereza asemapo "one-storeyed" huhesabu na ya chini, naye humaanisha nyumba isiyo na ghorofa kabisa. Tena Wajerumani wenyewe hawapatani siku zote juu ya neno "einstöckig", kwani wako walitumialo kwa nyumba ya chini tu. Neno lisilo na shaka ni "eingeschossig" au "zweigeschossig", maana "Geschoss" huhesabu kila daraja ya nyumba pamoja na ya chini. Basi nyumba iliyo "zweigeschossig" kwa Kijerumani ni "two-storeyed" kwa Kiingereza, nayo kwa Kiswahili ni nyumba ya ghorofa moja. Mfasiri asipokuwa macho, ataongeza ghorofa au ataikata kwa kalamu.

Tuliandika barua ya pili, tukakiri kosa, tukaeleza habari ya mawe ya pembeni. Barua ilifika kabla ya nyundo.

II. Uzito wa kazi hii

Huenda msomaji akauliza, "Nyumba ipo, inaonekana kwa macho, maandishi ni ya nini?" Jibu la kwanza ni kwamba nyumba nyingi hazipo tena. Kituo cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Na mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakaivunja ngome na mlingoti wa simu ya upepo. Huko Dar es Salaam, hoteli iliyoitwa Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa, ilibomolewa na nyingine ikajengwa mahali pake. Nyumba ikishaanguka, maelezo yake na picha ndiyo mashahidi waliosalia, na shahidi aliyefasiriwa vibaya husema uongo bila kujua.

Jibu la pili ni la kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huweka mpaka katika mwaka 1863: jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo huhesabiwa miongoni mwa mambo ya kale kwa uzee wake tu. Utawala wa Kijerumani ulianza mwaka 1885. Basi hapana hata nyumba moja ya Wadachi inayolindwa kwa umri wake peke yake. Kila moja yahitaji tangazo la serikali, na anayetaka litangazwe hana budi kueleza nyumba ni ya lini, imejengwaje, na sehemu zipi ni za asili. Hapo ndipo neno moja kama "einstöckig" linapoweza kuokoa ukuta au kuuangusha.

Jibu la tatu ni kwamba maandishi ni mengi na wasomaji ni wachache. Hati za serikali ya Kijerumani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zilitiwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kijerumani za zamani ambazo hata Mjerumani wa leo huzisoma kwa shida, na vitabu vingi vya wakati ule vimepigwa chapa kwa herufi ambazo "s" yake ndefu hufanana na "f". Mfasiri asione haya kulisoma neno mara tatu kabla ya kulitafuta katika kamusi.

III. Nyumba huvikwa kama mtu

Neno "Fassade" limetoka katika Kiitalia, kwenye neno lenye maana ya uso. Kiswahili hakikuhitaji kuazima, kwa maana twasema "uso wa nyumba" au "mbele ya nyumba". Walakini iko tofauti. Mtu ana uso mmoja tu, na nyumba yetu vivyo hivyo: uso, mbavu mbili, na nyuma. Nyumba ya Kijerumani yaweza kuwa na nyuso nne, kwa kuwa waandishi wao husema "Seitenfassade" kwa upande, na "Hoffassade" kwa upande utazamao uani. Kwa Kiingereza neno "facade" lafaa hasa kwa upande wa mbele. Pande nyingine wajenzi wao huziita "elevation". Mfasiri akiandika "facade" kila mahali, msomaji hatajua ni upande upi unaoelekea barabara.

Ukiendelea kusoma utaona kwamba Mjerumani huivika nyumba nguo toka chini hata juu. Sehemu ya chini ya ukuta, inayotokeza kidogo juu ya ardhi, huitwa "Sockel", neno lililotoka katika Kilatini lenye maana ya kiatu kidogo. Mstari wa mawe au lipu unaozunguka ukuta katikati ya madaraja mawili ya nyumba huitwa "Gurtgesims", na "Gurt" ni mshipi. Mstari wa juu kabisa, chini ya paa, huitwa "Kranzgesims", na "Kranz" ni shada la maua livaliwalo kichwani. Kwa hiyo nyumba ina kiatu, mshipi na taji.

Kiingereza hakifuati mfano huo. "Sockel" ni "plinth", neno la Kiyunani lenye maana ya tofali. "Gurtgesims" ni "string course", kama kwamba nyumba imefungwa kamba. "Kranzgesims" peke yake ndiyo "cornice". Kosa la kawaida ni kuandika "cornice" kwa kila "Gesims". Ndipo taji huonekana kiunoni. Kwa Kiswahili twaona "mshipi wa ukuta" waeleweka mara moja kwa fundi, nalo "taji la ukuta" halimpi shida. Lakini kwa "Sockel" tusiseme "msingi" tu, kwa sababu msingi ni ule uliofukiwa. Afadhali kusema "msingi uliochomoza juu ya ardhi".

Yako maneno mawili zaidi ya kuangaliwa. "Pilaster" ni nguzo bapa iliyoshikana na ukuta, yenye kitako chini na kichwa juu. "Lisene" nayo ni bapa na imeshikana na ukuta, lakini haina kitako wala kichwa. Ni ukanda wa wima tu. Waingereza huitofautisha kwa kuiita "pilaster strip". Naye mwandishi akisema "Risalit", ana maana ya sehemu ya nyumba, mara nyingi ya katikati, iliyotokeza mbele kidogo toka chini hata juu. Kiingereza hakina neno jepesi kwa jambo hili. "Projection" yatosha, mradi mfasiri aseme kwamba inapanda kwa urefu wote wa ukuta. Asiposema, msomaji atadhani ni roshani.

IV. Maneno yenye kudanganya

Maneno magumu hayamdhuru mfasiri sana, kwa kuwa huyatafuta. Yanayomdhuru ni yale mepesi anayodhani ameyajua. Tutayataja machache tuliyokutana nayo.

"Massiv". Hili hufanana na neno la Kiingereza "massive", yaani kubwa na nzito. Lakini katika maelezo ya majengo "massiv" ni nyumba iliyojengwa kwa mawe au tofali, si kwa miti na udongo. Kibanda kidogo cha mlinzi chaweza kuwa "massiv". Kwa Kiswahili ni nyumba ya mawe au nyumba ya kudumu. Mfasiri aliyeandika "massive" ameikuza nyumba ambayo labda haizidi vyumba viwili.

"Ziegelrohbau". Siku hizi "Rohbau" ni jengo ambalo kuta zake zimesimama lakini halijamalizika. Katika Kijerumani cha zamani "Ziegelrohbau" au "Backsteinrohbau" ni jengo lililokwisha kabisa, ambalo tofali zake zimeachwa wazi kwa makusudi bila lipu. Hili latugusa sisi hasa, kwa sababu makanisa ya tofali za kuchoma ni mengi katika nchi za ziwani. Mwenye kufasiri kwa kamusi mpya ataandika kwamba kanisa halikumalizika, na wajukuu wa waliozibeba zile tofali kichwani wataambiwa kwamba babu zao waliiacha kazi njiani.

"Verputzt" na "getüncht". La kwanza ni kupigwa lipu, la pili ni kupakwa chokaa. Kwa Kiingereza ukuta wa nje uliopigwa lipu husemwa "rendered", na uliopakwa chokaa "whitewashed". Mafundi wetu hawachanganyi mambo haya: kukandika ni kwa udongo, kupiga lipu ni kwa mchanga na chokaa au saruji, kupaka chokaa ni kazi ya brashi. Basi mfasiri na amwulize fundi, asiandike "plastered" kwa yote.

"Achse". Katika gari hili ni chuma kipitacho kati ya magurudumu. Katika uso wa nyumba, kila safu ya wima ya madirisha na milango huhesabiwa kuwa "Achse" moja. Nyumba iliyo "siebenachsig" ina safu saba, ukihesabu kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa Kiingereza ni "seven bays". Tumeona mahali palipoandikwa "seven axles", na nyumba ikawa gari la moshi.

"Parterre". Wajerumani waliliazima kwa Wafaransa, nao hulitumia kwa nyumba ya chini, sawa na "Erdgeschoss". Mwingereza akilisoma ataona bustani ya maua. Liandikwe "ground floor".

"Laden". Ni duka, tena ni ubao wa kufungia dirisha. Katika mji wa biashara kama Mwanza yote mawili yawezekana katika uso mmoja. Pakiandikwa "Läden im Erdgeschoss" yaelekea ni maduka ya chini. Pakiandikwa "Fenster mit Läden" ni madirisha yenye mbao zake.

V. Vipaa na visusi

Juu ya paa, Kiswahili cha zamani ni tajiri kuliko vijana wetu wanavyojua. Paa la nyumba ya pwani lina kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Na katika ncha mbili za nyumba mna mapaa madogo yanayoshuka pembeni, nayo huitwa visusi. Neno "kisusi" limo katika kamusi za kwanza za Kiswahili, lakini shuleni halisikiki.

Sasa, Mjerumani ana "Satteldach" na "Walmdach". La kwanza ni paa lenye vipaa viwili tu, kama tandiko la farasi. Pembeni ukuta hupanda pembetatu mpaka kileleni, na pembetatu hiyo ni "Giebel". La pili ni paa lenye vipaa viwili na visusi viwili, nalo halina "Giebel". Kwa Kiingereza la kwanza ni "gabled roof" na la pili ni "hipped roof". Ajuaye kisusi hahitaji mchoro wa kumweleza "Walm" ni nini.

Iangaliwe tena kwamba "Giebel" kwa Kijerumani yaweza kuwa pembetatu ya ukuta wa nyumba, au pembetatu ndogo ya urembo iliyo juu ya mlango au dirisha. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "gable", ya pili ni "pediment". Na neno "flach" likiandikwa mbele ya "Walmdach" halina maana ya paa la bapa, bali ya paa lisiloinuka sana. Paa la bapa ni "Flachdach". Paa la kuinuka kidogo huacha mvua iteremke. Paa la bapa huhitaji ufundi mwingine kabisa. Msomaji wa kizazi kijacho atakayetaka kulitengeneza paa lililooza apaswa kujua ni lipi.

VI. Maneno yetu yaliyosafiri

Kati ya maneno ya Kijerumani mfasiri atakutana na mawili ambayo atayafahamu kama nduguze: "Boma" na "Barasa". Wajerumani waliyachukua kwetu. "Boma" kwao ni kituo cha serikali au cha jeshi, ijapokuwa kwetu ni kila mahali palipozungushiwa kuta au miti, hata pa ng'ombe. Waingereza waliowafuata walilishika neno hilohilo, na hata leo mtu aendaye ofisi ya wilaya husema aenda bomani. Kwa hiyo mbele ya msomaji wa Kiingereza ajuaye nchi hii, "boma" na liachwe. Mbele ya mgeni lifafanuliwe mara ya kwanza. Lisigeuzwe kuwa "fort" kila mahali, kwa maana si kila boma lilikuwa na mizinga.

"Barasa" ni baraza letu. Wafasiri huandika "veranda", nayo ni kweli kwa nusu. Baraza ni sehemu ya nyumba yenye kivuli upande wa mbele. Ni mahali pa kupokea wageni. Na ni mkutano wenyewe unaokaa hapo kusikiliza mashauri. Katika nyumba ya mtawala wa Kijerumani mambo hayo matatu yalikutana mara nyingi. Maandishi yakisema kwamba watu walihukumiwa katika "Barasa", neno "veranda" peke yake lamficha msomaji sababu ya kujengwa kwake kwa upana namna ile. Hapa Kiingereza kiazime kama Kijerumani kilivyoazima, na neno lirudi kwa tahajia yake: "baraza".

Liko neno la tatu lisilotoka kwetu lakini latuhusu sana, nalo ni "Hütte". Waandishi wa Kijerumani waliita nyumba zao "Haus" na nyumba zetu "Hütte". Hata kodi waliyoiweka mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa kodi ya "Häuser" na ya "Hütten". Waingereza wakafuata kwa neno "hut". Lakini ukiitazama nyumba ya msonge ya Wahaya, iliyosukwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi toka kileleni hata ardhini, yenye vyumba ndani yake na ukumbi uliotokeza mlangoni, huwezi kuiita kibanda. Kwa sababu paa lake lafika chini, haina ukuta wa nje, na kwa hiyo haina "Fassade" kwa maana ya Kijerumani. Uso wake ni ule ukumbi wa mlangoni. Mwandishi aliyezoea kuhesabu safu za madirisha hakupata la kuhesabu, akaandika "Hütte", akapita. Mfasiri hana ruhusa ya kulibadili neno la mwandishi, maana neno hilo nalo ni ushahidi. Lakini anapoandika kwa Kiswahili asiseme "kibanda" pasipo sababu. Aseme "nyumba", au "msonge", kama ndivyo ilivyokuwa.

Katika jambo hili upo mfano mashuhuri wa nchi yetu ya ziwani. Mwaka 1898 mwanajeshi Paul Kollmann alitoa kitabu juu ya watu wa nchi hizi, kwa jina "Der Nordwesten unserer ostafrikanischen Kolonie", yaani Kaskazini-Magharibi ya Koloni Letu la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1899 kilitoka kwa Kiingereza, na jina lake likawa "The Victoria Nyanza". Lile neno "letu" likatoweka, kwa kuwa Mwingereza hakuwa na sababu ya kulisema, na mahali pake likaja jina la ziwa lenye jina la malkia wake. Jina la kitabu ni uso wake, na muuza vitabu huupamba apendavyo. Mfasiri wa maelezo ya nyumba hana uhuru huo.

VII. Zoezi moja

Tumetunga sentensi moja ya mfano, ya namna zilivyo katika maandishi hayo: "Das zweigeschossige, siebenachsige, massiv aus Bruchstein errichtete Gebäude trägt ein flaches Walmdach."

Anayefuata kamusi ataandika: "The two-storey, seven-axle building, massively erected from broken stone, carries a flat hip roof." Karibu kila neno limetafutwa, na karibu kila neno limepotoka. Hata "Bruchstein" si "broken stone", kwa maana hiyo kwa Kiingereza ni kokoto za barabara. "Bruchstein" ni jiwe lililovunjwa kutoka mwambani bila kuchongwa, kama yale ambayo wapasuaji wa Mwanza huyapata kwa kuwasha moto juu ya mwamba hata upasuke. Kwa Kiingereza jiwe hilo ni "rubble".

Sisi tungeandika: "The building is of two storeys and seven bays, in rubble masonry, under a low hipped roof." Na kwa Kiswahili: "Nyumba hii ina ghorofa moja juu ya nyumba ya chini, na usoni ina safu saba za madirisha, imejengwa kwa mawe yasiyochongwa, na paa lake la vipaa viwili na visusi viwili haliinuki sana."

Msomaji ataona kwamba Mjerumani amerundika sifa zote kabla ya kuitaja nyumba. Kiswahili hakiwezi, lazima nyumba itangulie, kisha sifa zifuate moja moja. Hii ni faida kwetu. Anayefasiri kwanza kwa Kiswahili, hata kama kazi yake ni ya Kiingereza, hulazimika kuufungua mzigo na kuhesabu kilichomo. Ndivyo tulivyogundua ile ghorofa: Kiingereza chetu kilikuwa kimeficha kosa, Kiswahili kikalifichua mara fundi alipokisikia.

VIII. Shauri kwa wenzetu

Twashauri mambo manne. Kwanza, nyumba ikiwa ingalipo, mfasiri aende akaitazame kabla ya kuandika, karatasi mkononi, akihesabu madaraja na madirisha kwa kidole. Pili, nyumba ikiwa haipo, atafute picha, na asiikatae picha kwa sababu haipatani na kamusi yake. Huenda kamusi ndiyo yenye kosa. Tatu, neno lenye maana mbili aliandike kwa Kijerumani pembeni, na kusema wazi kwamba laweza kusomwa hivi au vile. Karatasi yenye shaka iliyokiriwa ni bora kuliko yenye uhakika wa uongo, hasa pale ambapo watu wataibomoa au kuitengeneza nyumba kwa kuifuata.

Nne, na hili twalisisitiza zaidi, maneno ya mafundi yakusanywe. Waashi na maseremala waliofunzwa katika karakana za misioni kandokando ya ziwa wanazeeka, na pamoja nao yanazeeka maneno kama kisusi, kipaa na upenu. Mwalimu aliye na wanafunzi na awatume kwa wazee hao, kila mmoja alete maneno matano ya nyumba pamoja na maana yake, na jina la mahali yalipotumika. Sisi tumekwisha kuanza na yule mzee wetu. Siku ya kwanza alitupa maneno 19 juu ya paa peke yake, akatuambia turudi wiki ijayo kwa habari za milango.